Safari ya Japani kwa Lifti

Mwaka wa pili wa korona nilitamka neno moja la kizembe, na neno hilo likanipeleka Japani pamoja na wazee kumi na mmoja.

Nilikuwa mlezi katika nyumba ya wazee magharibi mwa Sydney, vituo vichache vya treni kutoka Granville nilikokuwa nikikaa. Milango ilikuwa imefungwa. Hakuna mgeni aliyeingia, hakuna mzee aliyetoka. Sisi wafanyakazi tulichokorwa pua kila asubuhi kupimwa korona, kisha tukavaa barakoa, kioo cha uso na aproni ya plastiki iliyochakarika kama mfuko wa sokoni kila tulipopiga hatua.

Ghorofa ya juu alikaa bibi wa miaka tisini na miwili, mwalimu mstaafu wa jiografia. Mimi nilimwita Mwalimu, na jina hilo alilipenda. Juu ya kitanda chake palikuwa na picha ya ngome moja ya kale ya Japani, nyeupe, juu ya kilima, paa juu ya paa. Alikuwa amewafundisha watoto habari zake miaka mingi bila kuiona. Hatimaye akakata tiketi aende na binti yake anayeishi Perth. Ndege zikasimamishwa. Halafu akateleza bafuni, akavunjika nyonga, akaletwa kwetu yeye na picha yake.

Jumatatu moja aligoma kula.

"Mwalimu, kula uji," nikambembeleza. "Bila nguvu utapandaje ngazi za ile ngome?"

"Nitaipandia wapi?"

"Huko huko Japani. Si tunaenda Alhamisi?"

Alinitazama kwa jicho la mtu aliyezoea kusikia visingizio vya wanafunzi. "Saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi," nikajibu, maana mdomo ulikuwa umeshafunguka na kijiko kilikuwa tayari. Alimaliza bakuli zima. Nilitoka chumbani nikijiona bingwa, na kufikia saa sita nilikuwa nimeshasahau.

Alhamisi, saa nne kasorobo, nilikuwa nikikunja mashuka mwenzangu alipokuja mbio. Alikuwa Mkongomani wa Bukavu aliyekaa Mount Druitt, mtu mpana, mpole, ambaye sijawahi kumwona akikimbia.

"Dada, kuja uone. Bazee bote bako mbele ya lifti. Bamevaa kofia. Moja iko na valise."

Nikaenda. Kumi na mmoja, kwenye viti vya magurudumu na vigari vya kushikilia, wamejipanga. Mwalimu alikuwa mbele, amepaka rangi ya mdomo, ile valise, begi la safari, mapajani. Alikuwa amepita chumba hadi chumba kwa siku tatu akiandikisha wasafiri.

"Umechelewa," akaniambia.

Ningeweza kusema ukweli. Nilifungua mdomo niuseme, nikaona bibi mmoja ameshika kamera isiyo na filamu, nikaufunga.

"Kaka," nikamnong'oneza mwenzangu, "wapeleke sebuleni chini, penye ile televisheni kubwa. Polepole, nipate kutafuta hiyo ngome."

Alielewa upesi kuliko nilivyotarajia. Alisimama mlangoni pa lifti, akanyoosha mkono, akanguruma kwa Kiingereza chake cha Kifaransa: "Passeport!" Mmoja alimpa kadi ya maktaba, mwingine picha ya mjukuu wake, mwingine karatasi laini ya kupengea kamasi. Alizikagua zote kwa makini, akairudisha ile ya kamasi akisema imekwisha muda. Lifti ilibeba wazee watatu kwa mara moja, kwa hiyo ndege yetu iliruka mara nne.

Kule chini niliipata video ya mtu asiyesema neno, anayetembea na kamera yake ndani ya ngome ile ile. Nikashukuru Mungu. Lakini mlangoni pa ngome watu walikuwa wakivua viatu na kuvibeba mikononi, na Mwalimu akainua kidole.

"Viatu!"

"Mwalimu, hapa si lazima..."

"Tuko kwenye nyumba ya watu, msichana. Vueni."

Wakavua. Jozi kumi na moja, nyingi za aina moja na rangi moja, zikarundikwa ndani ya kikapu cha nguo chafu.

Tukaingia. Nikajifanya kiongozi wa watalii.

"Aliijenga nani?" akauliza bibi wa kamera.

"Wenyeji."

"Lini?"

"Zamani sana."

"Kiongozi gani huyu!" Mwalimu akasema, akaanza kueleza mwenyewe: njia zilizopindapinda ili adui apotee, matundu ya kumwagia watu mawe kichwani. Mtu wa video alipopanda ngazi, zilikuwa zimesimama wima kama za kupandia dari, na wazee wote wakashika mikono ya viti vyao. Bibi mmoja alinibana mkono. "Mwambie apunguze mwendo," akasema. Alikuwa akihema kweli.

Tulipofika ghorofa ya nne ya ngome intaneti ikakwama. Picha iliganda kwenye boriti ya dari. Nilibonyeza kila kitufe, nikachomoa waya, nikaurudisha, boriti haikuondoka. Ndipo babu mmoja akasimama na kigari chake. Alikuwa seremala ujana wake, na tangu mkewe azuiwe kuja kumtazama alikuwa hasemi ila ndiyo na hapana. Alisogea hadi akakaribia kuigusa televisheni kwa pua.

"Angalieni hapa," akasema. "Hakuna msumari."

Akaeleza jinsi ulimi wa mti huu unavyoingia kwenye shimo la mti ule, jinsi viungo vinavyolegea kidogo ngome ikitikiswa na tetemeko, kisha vikakaza tena. Alieleza kwa robo saa nzima, mikono yake ikikata hewa kwa msumeno usioonekana. Hakuna aliyesinzia. Mimi niliacha kubonyeza vitufe.

Wakati huo mwenzangu alikuwa amenivuta pembeni. "Kisha ngome, banaenda wapi?"

"Bustanini. Huko Japani bustani ni mawe na kokoto, wanazichora mistari kwa reki."

"Bila kupanda kitu?"

"Bila kitu."

"Ile iko shamba ya mvivu," akasema, akatoka nyuma ya jengo, karibu na mapipa ya taka, palipokuwa na kokoto nyeupe. Tulipowarudishia wazee viatu vya kubahatisha na kuwatoa nje, alikuwa amechora mistari iliyozunguka mawe matatu kama mawimbi, yote sawa, safi kabisa.

Hapo akashuka kutoka kwenye pipa yule ndege mweupe wa Sydney, mwenye shingo nyeusi na mdomo mrefu uliopinda, ambaye kazi yake ni kuchakura taka. Alikatiza katikati ya mistari, polepole kama mwenye nyumba, akiburuta ganda la ndizi. Mwenzangu aliinua reki amfukuze.

"Mwache!" Mwalimu akasema kwa sauti ya chini. "Ni korongo. Wamefuga korongo."

Nilidhani mambo yameishia hapo. Jioni Mwalimu alimpigia binti yake simu kumwambia amerudi kutoka Japani na miguu inamuuma kwa ngazi. Binti, kwa hofu, akampigia meneja. Meneja akamwita daktari, ambaye siku hizo alipima wagonjwa kwa kompyuta. Kesho yake nilishika skrini mbele ya Mwalimu, jasho likinitiririka chini ya kioo.

"Jana ulikuwa wapi?" daktari akauliza.

"Japani."

"Ulifikaje?"

"Kwa lifti."

Daktari akaandika kitu. Mwalimu akainama karibu na skrini.

"Na wewe, daktari, uko wapi?"

"Nyumbani kwangu, Liverpool, huku huku Sydney."

"Lakini unanipima hapa. Basi ukiweza kuja kwangu bila kutoka kwako, mimi nikienda Japani bila kutoka kwangu, mgonjwa ni nani?"

Daktari alicheka hadi akatoka kwenye picha. Aliporudi akaandika kwamba akili ni timamu.

Mimi sikusamehewa hivyo. Wazee kumi na mmoja walikuwa wameachwa na soksi tu juu ya vigae vinavyoteleza, na kurudisha viatu kwa wenyewe kulituchukua siku mbili. Meneja alinipa fomu ya tukio. Palikuwa na sehemu ya kueleza nitafanya nini ili kosa lisirudiwe. Nilikaa nayo muda mrefu, kisha nikaandika kwamba safari ijayo tutachagua nchi ambayo watu wanaingia na viatu.

Meneja aliisoma mara mbili, akauma midomo kuzuia kicheko, akaipiga muhuri.