Hema la Mashuka

Rafiki yangu aliponiambia kwamba hataolewa kanisani, nilimwuliza kama amerogwa. Tulikuwa tumeketi nje ya kibanda changu cha ushonaji, ukingoni mwa soko la Gikomba, Nairobi, kila mmoja na muhindi wake wa kuchoma. Miaka miwili mizima tulikuwa tumepanga atakavyotembea katikati ya kanisa, na mkia wa gauni nitakaoushona mimi ukimfuata nyuma. Sasa ananiambia ataolewa nyuma ya nyumba, kwenye kamba za kuanikia nguo!

"Mama hawezi kushuka," akasema. Nikaweka muhindi wangu chini.

Mama yake alinilea nusu. Tulikua mlango kwa mlango, gorofa ya pili, wao watu wa magharibi, sisi wa Murang'a, na mama yangu alipochelewa sokoni mimi nilikula ugali wa kwao bila kuulizwa ninatoka wapi. Baba yao alifariki mapema. Yule mama aliuza mboga Majengo akiwa peke yake, akasomesha, akavisha, na sikumbuki siku aliyolalamika. Katikati ya miaka ya tisini miguu yake ikaanza kuvimba, na daktari akasema shida ni moyo. Siku moja wanaume wanne walimshusha kwa kiti apelekwe hospitali, na kwenye kona ya ngazi akazimia mikononi mwao. Aliporudishwa nyumbani alisema, "Mimi si kabati. Nikishuka tena ngazi hizi nitakuwa nimekufa." Daktari naye, kwa maneno ya upole zaidi, alisema hivyo hivyo.

"Dirisha lake linaangalia pale kwenye kamba," rafiki yangu akaendelea. "Nitasimama chini yake. Mama ateseke vile alivyoteseka na mimi, halafu siku ya harusi yangu asimuliwe? Haki ya Mungu, afadhali nisiolewe."

"Basi utaolewa hapo," nikamwambia. "Na atakayesema hapana aje aniambie mimi."

Waliosema hapana walikuwa wengi. Mchungaji alisema harusi ni ya kanisani. Rafiki yangu alimwendea mara tatu, na mara ya tatu alikaa kwenye benchi nje ya ofisi yake tangu asubuhi hadi mchungaji alipoona haya kwenda kula mchana. Akakubali. Majirani nao walikuwa na neno lao, kwa sababu maji katika mtaa wetu yalifunguliwa Ijumaa, na Jumamosi kila nyumba ilifua. Tulipita mlango kwa mlango tukiomba kamba ziachwe wazi siku moja tu. Mama mmoja wa chini alinijibu kwamba nepi za mtoto wake hazijui harusi. Nikamwambia aniletee, nizianike kwangu, kwenye viti na juu ya mlango. Kweli akazileta, ndoo nzima, na nikazianika.

Aliyebaki ni mama ya bwana harusi. Kijana mwenyewe alikuwa mtu mpole, kibarua wa kiwandani, angeolea hata juu ya paa akiambiwa. Lakini mama yake aliuza viazi kwa jumla, alikuwa Mkikuyu wa kwetu, na alikuwa na mdomo kama wangu. Alikuja kibandani akasimama mbele ya cherehani.

"Msichana wangu, nimesikia mambo yenu ya dirisha, na sina neno," akasema. "Lakini wazee wangu wanatoka mbali wakiwa wamevaa suti. Hawaanikwi juani kama mahindi."

"Mama, kivuli kitakuwepo," nikamwambia. "Niachie."

Hema la kukodi hatukuliweza. Lakini Gikomba ilikuwa na mashuka ya mitumba: ya maua, ya mistari, mengine meupe yaliyokuwa ya hospitali za Ulaya huko. Nilichagua yaliyo mazima, nikayaunganisha moja kwa jingine, pindo mara mbili, kwa wiki tatu, kila nilipomaliza kazi za wateja. Lilitoka hema la kutosha kufunika uwanja wote, toka ukuta hadi ukuta. Sifichi, nilijivunia. Mafundi wa mbao jirani zangu waliacha randa zao wakaja kulitazama, na mmoja akasema nikichoka kushona nguo nijenge nyumba.

Jumamosi asubuhi tulilifunga kwenye zile nguzo za chuma za kamba za nguo, tukavuta ncha mpaka likakaza vizuri. Chini yake kulikuwa na ubaridi wa kupendeza. Wazee wa upande wa bwana harusi walifika, wakaketi, wakavua kofia. Mama ya bwana harusi alinitazama kutoka ng'ambo ya uwanja akaitikia kwa kichwa, na kwa mtu kama yule hiyo ilikuwa hotuba. Bibi harusi alikuwa bado anavishwa nyumba ya jirani. Mimi nikapanda juu kumvisha mama yake.

Nilimvalisha gauni la zambarau nililomshonea, nikamfunga kitambaa, nikampaka mafuta mikononi. Alikuwa mwepesi, ikaniuma. Nikasukuma kiti chake mpaka dirishani, nikavuta pazia.

Woi! Mashuka matupu. Kutoka ukuta hadi ukuta, maua na mistari na mishono yangu iliyonyooka, na chini yake sauti za watu ambao huwezi kuona hata kisigino cha mmoja wao. Wiki tatu nilishona, na siku hizo zote sikuwahi kupanda juu nikasimama pale dirishani nikafikiri kwa macho yake. Fundi mzima!

Yeye alipitisha macho kwenye mishono yangu. Kisha akasema kwa sauti ile ndogo aliyokuwa amebaki nayo, "Umeshona vizuri, mwanangu."

Afadhali angenitukana. Nilimwambia, "Ngoja, mama, usitoke hapo," kama kwamba angeweza kutoka, nikachukua makasi kwenye mkoba wangu na kushuka ngazi mbio.

Nilipanda juu ya benchi katikati ya wageni na kuingiza makasi kwenye shuka la kwanza. Wageni wakainua nyuso. Aliyepaza sauti ni mama ya bwana harusi.

"We! Una wazimu? Wazee wameketi hapo!"

"Mama ya bibi harusi haoni kitu," nikasema. "Nimemzibia. Nakata."

"Kata ukitaka, lakini ngoja watu wamalize kula! Asimuliwe kama wengine. Hata mimi mama yangu hakuniona nikiolewa."

Nilihisi hasira ikinipanda mpaka masikioni. "Basi panda juu wewe mwenyewe," nikamwambia, na makasi yangu hayajatoka kwenye shuka. "Panda, ukae kwenye kiti kando yake, uangalie anachokiangalia. Ukirudi ukiniambia nisikate, sitakata."

Sikutegemea kwamba angeenda. Magoti yake yalikuwa mabovu, kila mtu alijua. Lakini alijifunga leso kiunoni akaenda, na tukamsikia kwenye ngazi akipumzika kila kona. Alikaa huko. Wazee walikohoa, mchungaji akatazama saa. Nilijiambia kwamba atakaloniambia akirudi, lolote, mimi nakata.

Alirudi macho mekundu. Hakunitazama. Aliwaambia wazee kwa Kikuyu wainue viti vyao wasogee ukutani, na mmoja alipoanza kuuliza kwa nini, alimwambia jua halijawahi kuua mtu aliyekula viazi vyake. Kisha akashika ukingo wa shuka kwa mikono miwili, akalivuta likaze.

"Kata," akaniambia. "Nyoosha makasi, usiliharibu."

Nilikata vipande vya katikati vyote, shuka kwa shuka, na yeye akivipokea na kuvikunja mkononi. Jua likaingia uwanjani. Nilipoinua uso nilimwona yule mama dirishani, zambarau tupu, ameweka viwiko juu ya kizingiti. Sikuweza kumpungia kwa sababu nilikuwa ninalia, na mimi silii ovyo.

Bibi harusi akatoka. Alitembea toka mlango wa jirani hadi pale palipokuwa na mwanga, hatua chache tu, na uso wake hakuuelekeza kwa bwana harusi wala kwa mchungaji. Alitazama juu njia nzima mpaka nikaogopa atajikwaa kwenye mkia wa gauni. Alipofika, mama mkwe wake akamfunua shela ili uso uonekane vizuri.

Mchungaji alianza taratibu zake. Tuliimba, akaomba, akasoma. Kisha akafika mahali pale ambapo mwanamume wa ukoo husimama, na kwa sababu baba hayupo, kazi hiyo alikuwa amepewa baba yake mdogo, aliyesafiri kutoka kwao magharibi kwa ajili hiyo peke yake.

"Ni nani anayemtoa binti huyu aolewe?" mchungaji akauliza.

Baba mdogo akasimama. Akafunga kifungo cha koti, akasafisha koo.

"Ni mimi!"

Sauti ilitoka juu. Mtu yule ambaye kwa miezi mingi tulikuwa tunainama karibu na mdomo wake tumsikie, alikuwa ameshika kizingiti kwa mikono yote miwili na kupaza sauti uwanja mzima ukamsikia.

"Ni mimi, mama yake! Namtoa mimi!"

Baba mdogo akageuka. Alimtazama shemeji yake kule juu, kisha akavua kofia, akaketi.

Mchungaji naye akainua kichwa. "Asante, mama," akasema. "Tumekusikia."