Kocha Asiyekaa Chini

Verediana hakujua kukaa. Mume wake, Gosbert, alikuwa akisema kwamba hata kanisani, padri akiwa katikati ya mahubiri, mguu wa kulia wa mke wake huwa unapiga mpira usioonekana. Verediana alitoka Bukoba kuja Durban kusoma, akamaliza, akaajiriwa na chuo kidogo kule Umbilo asimamie michezo. Alipokabidhiwa timu ya mpira ya wasichana, kule kutotulia kwake kote kukapata pa kukimbilia.

Timu ilikuwa na njia moja tu ya kushambulia: Laurette apewe mpira. Laurette, winga wa kulia, alizaliwa Bukavu na kukulia nyuma ya saluni ya mama yake hapa mjini, na alikuwa na mbio za kuwaacha mabeki wameshika viuno. Anapokea, anakimbia mpaka mwisho wa mstari, anapiga krosi, mtu anafunga. Msimu mmoja ilitosha. Uliofuata, kila timu ilikuwa imeshawasoma. Laurette akawekewa mabeki wawili, mara nyingine watatu, na mechi zikaanza kupita bila nyavu kutikisika.

Mambo yalivyozidi kukwama ndivyo Verediana alivyozidi kupayuka kando ya uwanja. "Kulia! Mpe Laurette! Kulia, jamani!" Nyumbani alitandaza vifuniko vya chupa mezani, akavisukuma huku na kule, mpaka Gosbert akawa anakula sahani ikiwa mapajani.

Siku waliyofungwa na timu dhaifu kuliko zote, alimkuta Laurette amekaa kwenye nyasi, barafu juu ya kifundo cha mguu.

"Pole, binti yangu. Wiki ijayo tutawapita."

"Mama coach, minachoka," Laurette akasema bila kuinua macho. "Kila mupira ni wa Laurette. Ba mabeki banajua mbele hata sijaugusa. Na miguu yenye banapiga ni yangu, si yako."

"Sasa nani mwingine ana mbio kama zako?"

"Hakuna. Lakini iko bengine kumi mule kiwanja."

Kilichomuuma Verediana ni kwamba alikuwa amelijua hilo siku nyingi. Aliogopa tu kuiacha njia moja iliyowahi kumpa mabao.

Mazoezi yakabadilika. Aliwafundisha mashambulizi matatu na kuyapa majina ya vyakula, ili akiita yeye wapinzani wasielewe. Pondu, kisamvu cha Wakongo, ilikuwa ile ya zamani, Laurette na krosi yake. Chai ilikuwa pasi fupi fupi katikati, zikipitia kwa kiungo wao Kidawa, msichana wa Tanga asiye na haraka. Sambusa ilikuwa mtego: Laurette anakimbia kulia na kuwavuta mabeki wake, kumbe mpira unakwenda kwa winga wa kushoto, Inès. Wasichana wa Kizulu walicheka majina hayo, wakayashika upesi kuliko wenye Kiswahili chao. Mechi iliyofuata walifunga matatu, na golikipa wao akaruka golini akipiga kelele, "Eish, chai tamu hiyo!"

Hivyo wakafika nusu fainali, ugenini Cato Manor. Na huko sambusa ikagoma. Chai nayo ikagoma. Kila Verediana alipoita, beki mmoja wa wapinzani, mrefu, nywele kazisuka nyuma, aliwahi kuwapanga wenzake upande unaotakiwa. Mapumziko walikuwa nyuma bao moja, na kocha alikuwa akizunguka benchi kama mtu aliyepoteza funguo.

"Wanatujuaje? Wanatujuaje hawa?"

Kidawa alimsogelea, akashusha sauti. "Samahani, Mwalimu. Wewe ndiye unayewaambia."

"Mimi?"

"Yule beki anaitwa Cathy, ni Mkongo. Kiswahili anakisikia. Ukiita sambusa huishii hapo, unaongeza, 'Inès, jiandae kushoto!' Anatafsiri kabla mpira haujaniondoka mguuni."

Verediana aliwageukia wengine. Wasichana wote walikuwa wametazama chini, na hapo akaelewa kwamba wote walijua, ila hakuna aliyethubutu kusema.

"Basi nifanyeje?"

"Ukae, Mwalimu. Mimi nitachagua, niko ndani, naona nafasi ilipo. Nitawaonyesha wenzangu kwa mkono: nikigusa bega ni chai, nikivuta mkono wa jezi ni sambusa."

Alikaa. Alikalia viganja vyake mwenyewe ili visiinuke. Ndani ya mwili wake kila kitu kilitaka kusimama. Cathy aligeukia benchi mara kadhaa akisubiri neno, na neno halikuja. Kidawa akagusa bega, wakapita katikati kwa pasi za chinichini, bao likarudi. Baadaye akavuta mkono wa jezi. Laurette akachomoka kulia na mabeki wawili nyuma yake, na kule kushoto Inès akabaki peke yake na golikipa. Mbili kwa moja. Dakika za mwisho Verediana aliinuka, na wachezaji wa akiba wakamvuta koti akarudi chini.

Walishinda. Cathy alikuja kumpa mkono huku anacheka. "Mama, sauti yako ilinisaidia sana. Mbona ulinyamaza?"

Laurette peke yake hakuwa akicheka. "Kipindi chote cha pili sikugusa mupira."

"Lakini tumeshinda, na wewe ndiye uliyewafungulia njia," Verediana akamwambia.

"Niliona. Nafurahi. Lakini mimi ni mucheza mupira, si mukimbiza kuku."

Fainali walifungwa kwa penalti, baada ya sare ya bao moja kwa moja, na bao lao lilitoka kwa Laurette mwenyewe, pondu safi, siku ambayo hakuna tena aliyeitegemea. Kidawa ndiye anayeamua mashambulizi mpaka leo. Kocha wake amejifunza kunyamaza. Kukaa bado. Hutembea kutoka kibendera cha kona moja hadi kingine, midomo imebanwa, na nyasi za upande ule hazioti tena.