Wiyoni, Lamu: mtaa ulioomba paa la shangazi yangu

Salaam wakuu. Hiki nilikiona kwa macho yangu mawili na sijatia chumvi, na wanaonijua humu wanajua chumvi naipenda.

Wengi wetu tukienda Lamu tunapiga picha milango ya kuchonga, tunapanda punda, halafu tunavuka Manda kuwahi flight. Wiyoni hatufiki. Siwalaumu, hakuna wa kuwaambia.

Wiyoni ni mtaa wa pembeni mwa mji, kuelekea maji. Huku hakuna majumba ya mawe ya wenye mji. Ni fito na udongo, matofali kidogo kwa aliyejaliwa, na makuti juu. Nyumba zimebanana mpaka jirani akipiga chafya unamuombea rehema ukiwa kitandani kwako.

Shangazi yangu, Bi Rukia, dada yake baba, aliletwa pale kutoka Kizingitini, kisiwani Pate, akiwa bado ananyonya. Anasema aliambiwa palikuwa vichaka na mchanga tu. Wakaja wengine wa Pate, wakaja waliokimbia vurugu za bara, kila mmoja na mkeka wake. Wa mjini wakawaita wageni. Leo ana wajukuu na bado wapo wanaomuita mgeni. Yeye hucheka, mimi ndiye hukasirika.

Sasa kisa chenyewe.

Mwaka jana nikaenda kumtembelea. Nikakuta ameezeka nyumba upya. Makuti yote ameyasuka mwenyewe, kiangazi kizima, vidole vimekuwa kama magome. Paa lile alilionyesha kila mgeni, nami nilionyeshwa zaidi ya mara moja.

Alasiri moja, upepo ukivuma kwa nguvu, jiko la Bwana Athmani likashika moto. Huyu ni jirani wa ubavuni. Upepo ulikuwa unakuja kwetu, na nyuma yetu nyumba zimefuatana hadi majini, zote makuti.

Nikachukua ndoo. Nikashangaa watu hawakimbilii moto, wanakimbilia kwetu, na mapanga mkononi!

Wakatoa kitanda, kabati, msahafu, hata kuku. Nikasema moyoni, haya, tunaibiwa mchana kweupe.

Kisha wote wakasimama. Hakuna aliyepanda juu.

Bwana Shee, fundi wa kuezeka wa mtaa, akaja mbele ya shangazi. Cheche zinatupita kichwani, yeye ameinamisha uso kama aliyekuja kuposa.

"Bi Rukia, twaomba paa."

Ndipo nikaelewa. Kwa upepo ule, maji ni kujichosha. Dawa ni kuezua paa linalofuata ili moto ukose cha kula. Na Wiyoni, wakuu, hakuna anayegusa paa la mtu bila neno la mwenyewe, hata moto uwe mlangoni.

Shangazi aliangalia juu. Wallahi nilitamani akatae.

"Moto u ndiani (njiani), nawe waniuliza? Ezuani."

Wakapanda. Kazi ya kiangazi kizima ikaja chini kabla moshi haujanikausha koo. Kamba zinakatwa, makuti yanaburutwa mbali, wanawake wanamwagia fito maji. Moto ukamaliza nyumba ya Athmani, ukafika kwetu, ukakuta kuta na mbingu. Ukafa pale pale. Nyuma yetu haikuungua nyumba hata moja.

Mimi nililia, sifichi. Shangazi alikuwa anatafuta kuku wake.

Asubuhi wingu la mvua limetanda. Nipo na simu natafuta mabati, wakaanza kuingia. Kila nyumba imeleta makuti, mengine mapya, mengine yamechomolewa kwenye mapaa yao. Bwana Shee akanieleza kwamba desturi yao ni hiyo, aliyetoa paa huezekewa kwanza, hata kabla ya aliyeunguliwa.

Nikauliza, na Athmani je, aliyepoteza kila kitu? Kabla sijajibiwa, mkewe akatokea. Amebeba makuti machache, ncha nyeusi, yote yaliyosalia kwake.

Nilidhani shangazi atamrudishia, mimi ningemrudishia.

Aliyapokea kwa mikono miwili. Akamwambia Bwana Shee, "Haya yaezeke juu ya kitanda changu."

Adhuhuri paa lilikuwa limekamilika, kijivu hapa, manjano pale, na familia ya Athmani ikalala chini yake hadi yao ikainuka. Shangazi ndiye aliyewasukia.

Nilichojifunza: nilizoea kudhani historia ya Lamu iko kwenye mawe. Hawa walioitwa wageni wamejenga mji kwa kitu kinachoungua kwa kiberiti, na bado umesimama.

Nikirudi huwa nalala kitanda kile. Ukitazama juu unaziona zile ncha nyeusi, na sijawahi kulala chini ya kitu kilichonipa amani vile.

Wenye asili ya Wiyoni mliomo humu, nirekebisheni nilipokosea. Na wengine mniambie ukweli: jirani akisimama mlangoni kwako leo akaomba paa, utasemaje?