Nilichomtafsiria Mama wa Bukavu

Barua ya shule ilisema binti yangu amechelewa mara kumi na moja tangu muhula uanze, na kwamba, kwa kuwa nyumba yetu ni ya mzazi mmoja, ningefaidika na kozi ya malezi. Niliisoma nimesimama jikoni, bado nimevaa sare. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku katika nyumba ya wazee hapa Erdington, Birmingham, ambako nilikuwa nimewageuza, nimewasafisha na kuwavalisha watu kumi na wanne, na mmoja wao alikuwa ameniita jina ambalo sitaliandika. Sasa mtu aliyelala kitandani kwake usiku kucha alitaka kunifundisha kulea.

Sababu ya kuchelewa ilikuwa rahisi, na hakuna aliyeniuliza. Zamu yangu iliisha saa moja na nusu, ila sikuweza kutoka kabla wa kunipokea hajafika, naye alifika alipojisikia. Msichana mwanafunzi aliyepanga chumba chetu kidogo alikaa na binti yangu usiku, lakini saa moja kamili alikuwa ameshatoka kukimbilia treni. Kwa hiyo kila asubuhi, kwa muda wa saa nzima au zaidi, mtoto wa miaka tisa alikaa peke yake sebuleni, koti mwilini na mkoba mgongoni, akinisubiri. Hilo sikumwambia mtu. Niliamini kwamba katika nchi hii ukilisema kwa sauti, watu wenye vitambulisho shingoni watakuja kukugongea mlango, wamchukue mtoto.

Baba yake alikuwa mji mwingine, akilea familia nyingine. Yeye hakuandikiwa barua na mtu.

Kozi ilikuwa Jumatano sita, saa nne hadi saa sita mchana, katika ukumbi mmoja wa jamii kule Perry Barr, karibu na majumba mapya ya ghorofa. Ndio muda wangu wa kulala. Siku ya kwanza tulikuwa wanawake wanane, na sote tulikuwa weusi. Barua haikutaja rangi popote. Inaelekea sisi tu ndio tuliochelewa Birmingham nzima. Wengi walikuwa wazaliwa wa hapa hapa, wa asili ya Jamaika. Mmoja alikuwa Mwiritrea, mmoja Mkongo, na mimi.

Mwalimu wetu alikuwa msichana wa miaka kama ishirini na minne. Hakuwa na mtoto. Alitwambia mwenyewe, akicheka, kana kwamba ni jambo la kupendeza. Aliongea nasi kwa ile sauti wanayotumia kwa mgonjwa anayezinduka kutoka upasuaji. Alitandaza mezani kadi za nyuso, uso wa furaha, uso wa hasira, uso wa huzuni, akatutaka kila mmoja achague unaofanana na moyo wake.

Mwanamke aliyekaa kushoto kwangu, mama wa wavulana wanne na msimamizi katika jiko la hospitali, alizitazama zile kadi kwa muda mrefu. "Hakuna ya mtu anayetaka kwenda nyumbani?" aliuliza.

Mwalimu alisema hilo ni jibu la maana sana, akaliandika ubaoni.

Yule Mkongo alikuwa mrefu, ameketi wima kama yuko kanisani, mikono juu ya mkoba. Hakuchagua kadi. Mwalimu alipomwinamia na kuongea polepole zaidi, akidhani upole unageuka kuwa lugha, yule mama alinitazama mimi.

"Dada, ule mutoto anauliza nini?"

Alinisikia nikiongea na simu mlangoni, kumbe. Nikamjibu kwa Kiswahili, na mwalimu akapiga makofi. Mkalimani aliyeagizwa hakuwa amepatikana, akasema; je, ningekubali kusaidia? Nilikubali. Nilikuwa na usingizi, nimekasirika, na hii ilikuwa bora kuliko kadi.

Niseme ukweli, nilimdharau yeye pia. Alitoka Bukavu, na Kiswahili chake kilinikera masikio: batoto, iko, mu nyumba. Mimi niliyesoma shule Nakuru, ambaye Mtanzania yeyote akinisikia huficha mdomo kwa kiganja, nilijiona mwenye lugha. Alikuwa na watoto watatu, wote wasichana. Alipanga vifurushi katika ghala moja nje ya mji, na mume wake alikuwa amebaki njiani katika safari yao ndefu. Hakueleza kwa namna gani, nami sikuuliza.

Basi tukaanza. Mwalimu akisema tuwape watoto nafasi ya kutaja hisia zao, namtafsiria. Yule mama anauliza, "Na chakula, njo nani atapika wakati banataja?" Mimi namgeukia mwalimu kwa Kiingereza safi: anasema ni wazo zuri, atalijaribu. Mwalimu anang'aa. Jumatano ya pili ikawa hivyo, na ya tatu. Tulipofundishwa kuweka nyota za karatasi kwenye friji kila mtoto anapotii, yule mama aliniuliza kama msichana huyu ni mzima kichwani, nami nikamwambia mwalimu kwamba kwao Kongo watoto wanapenda sana nyota. Mama wa wavulana wanne hakujua neno la Kiswahili, lakini aliona nyuso zetu na kuinama mezani, mabega yakitikisika.

Nilijiona mjanja kuliko wote mle ndani. Nilikuwa nalipiza kisasi cha ile barua, na sikulipa chochote.

Jumatano ya nne mada ilikuwa asubuhi. Mwalimu alitaka kila mmoja aeleze nyumba yake inavyoamka. Nilipofikiwa nilitoa maneno matupu, kwamba tunajitahidi. Kisha ikawa zamu ya yule mama, na mara hii hakufanya mzaha. Aliinamia upande wangu, akashusha sauti.

"Umuambie vizuri, dada. Mimi natoka saa kumi ya asubui, juu bisi ya kazi haingoje. Batoto banabaki peke yabo. Mukubwa iko na miaka kumi na moja, njo anabapikia uji, anabavalisha, anabapeleka. Niko naogopa. Umuulize kama iko namna ya kunisaidia."

Mwalimu alisubiri, kalamu mkononi, kichwa amekilaza upande.

Nilikuwa na muda wa kutosha wa kufikiri, sitasingizia haraka. Niliwaza nikisema haya, kesho watu watakwenda kuwachukua wale wasichana. Niliwaza pia kwamba swali la pili litakuwa langu: na wewe, binti yako anakaa na nani? Na chini kabisa ya hayo kulikuwa na jambo dogo la aibu, kwamba sikutaka kumwona yule msichana wa kadi akipewa kitu cha kweli mkononi, akakitikisia kichwa. Sikumwona kuwa anastahili kuambiwa ukweli.

Nikasema kwa Kiingereza, "Anasema asubuhi ni ngumu kidogo, lakini anamudu."

"Mama shujaa," mwalimu akasema, na akaandika.

"Amejibu nini?" yule mama akauliza.

"Amesema ataangalia."

Alinishukuru. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, na nikaikubali ile shukrani.

Jumatano iliyofuata kiti chake kilikuwa kitupu. Mwalimu hakutoa kadi siku ile, na alisahau alikofika mara mbili. Nilifikiri ni baridi tu, au zamu ya ziada.

Siku chache baadaye nilikutana naye High Street, Erdington, nje ya duka la vyakula ambako sote hununua unga. Alikuwa na binti yake wa mwisho, mtoto wa miaka mitano hivi, mkono wa kulia umefungwa bandeji nyeupe hadi kwenye kiwiko. Sufuria ya uji ilikuwa imemponyoka dada mkubwa. Yule mkubwa alifanya kila kitu sawa: aliuweka mkono chini ya maji baridi ya bomba, akamwita jirani, na jirani akaita gari la wagonjwa. Hospitali waliuliza mama yuko wapi. Sasa watu wa ustawi wa watoto walikuwa wamekuja nyumbani mara mbili, na kulikuwa na kikao kinakuja.

"Iko kitu kimoja siyasikia," akasema. Hakupandisha sauti. "Bananisomea karatasi. Banasema ku kozi, mimi mwenyewe nilisema niko naweza. Banasema nilificha. Dada, ulimuambia nini ule mutoto?"

Watu walitupita na mifuko. Ningeweza kusema mwalimu aliandika vibaya. Angeniamini, hilo ndilo lililonitisha.

"Nilimwambia unamudu," nikasema.

"Juu ya nini?"

Nikaanza kueleza kwamba nilikuwa nikimlinda, kwamba yeye haijui nchi hii. Alinisikiliza mpaka nilipoishiwa. Kisha alimshika mtoto mkono ulio mzima na kuondoka. Nilibaki pale na kilo zangu mbili za unga, mtu mwenye Kiswahili kizuri.

Nyumbani nilimsimulia binti yangu kiasi, kwa sababu aliniona nalia na hakuwa amezoea. Aliuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, "Kwa nini hukusema tu alichosema?" Nikamwambia mambo ya watu wazima ni magumu. Akasema hilo halikuwa gumu. Akarudi kwenye katuni zake.

Asubuhi iliyofuata, nilipotoka zamu, sikulala. Nilipanda basi hadi Perry Barr na kumsubiri mwalimu mpaka alipokuja kufungua ukumbi. Nilimwambia yote: alichoniambia yule mama neno kwa neno, nilichokisema mimi, nyota za karatasi, watoto wa Kongo, kila kitu. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nilimwambia na ya binti yangu na koti lake sebuleni.

Nilitarajia kichwa kulazwa upande. Hakikulazwa. Uso wake ulikuwa mwekundu, na kwa mara ya kwanza aliongea kwa sauti ya mtu wa kawaida, sauti ya kukasirika.

"Mlikuwa mnanicheka wiki zote hizi?"

"Ndiyo."

"Na mimi nikaandika." Alikaa. "Sikupaswa kukutumia wewe. Nilipaswa kusubiri mkalimani."

"Ndiyo," nikasema tena, maana hata katika aibu yangu sikuona sababu ya kumpunguzia yake.

Alichukua karatasi, akaniomba nirudie polepole, akaandika kila sentensi na kunisomea. Kisha akasema itabidi nije niseme mwenyewe kwenye kikao. Kuhusu binti yangu, alipiga simu shuleni nikiwa nimekaa mbele yake. Kumbe shule ilikuwa na klabu ya kifungua kinywa, ya kupokea watoto mapema, inafunguliwa saa moja na nusu, na nafasi zilikuwepo. Waliona ni heri kuniandikia barua ya kozi kuliko kuniambia hilo kwa sentensi moja. Tangu wiki ile yule mwanafunzi aliyepanga kwetu alichukua treni ya baadaye kidogo na kumwacha binti yangu mlangoni mwa shule. Ilichukua dakika sita za simu kumaliza jambo nililolificha mwaka mzima.

Kikao kilikuwa katika chumba chenye meza ndefu na jagi la maji. Yule mama alikuwa amekuja na mke wa mchungaji wao, na mkalimani aliyelipwa alikuwa kwenye simu katikati ya meza, sauti ya mwanamume mwenye lafudhi ya Dar es Salaam. Nilisimulia kwa Kiingereza, na ile sauti ikayageuza maneno yangu kuwa Kiswahili kilichonyooka, bila kupamba wala kupunguza, hadi pale niliposema, "Nilidanganya." Sijawahi kulisikia neno hilo likitua vile. Yule mama alitazama jagi la maji muda wote.

Kisha akaongea yeye, na ile sauti ya simu ikamwomba mara mbili arudie ili isikosee. Mimi sikuwahi kumwomba arudie hata mara moja.

Hawakuwachukua watoto. Ghala lilikataa kumbadilishia muda, eti ratiba haigusiki, basi akaacha, na baada ya miezi michache akapata kazi ya usafi wa mchana katika hospitali karibu na Bordesley Green, wakahamia huko. Mwalimu ndiye aliyemjazia fomu za kuomba kazi hiyo, na bado sauti yake siipendi. Habari hizo nilizipata kwa mama wa wavulana wanne, anayefanya kazi hospitali hiyo hiyo. Yeye aliponiuliza nilifanya nini hasa, nilimweleza, na hakucheka.

Nilimwona yule mama mara moja tu tangu hapo, kwenye kituo cha basi, akiwa na wasichana wote watatu. Nilimsalimia. Aliitikia, kwa adabu, kama unavyomwitikia mtu wa mtaani. Niliuliza hali ya mkono. Yule mdogo akapandisha mkono wa sweta bila kuombwa na kunionyesha: kovu pana, laini, la rangi ya waridi, kutoka kwenye kifundo cha mkono kwenda juu.

"Iko sawa," mama yake akasema, akaushusha ule mkono wa sweta. Basi lao likaja.