Neti ya Farasi, Si ya Mbu

Juzi, kwenye agroveti moja, duka la dawa na vifaa vya mifugo, hapa Kitale, mama mmoja kutoka Saboti aliulizia neti za nyasi kavu. Farasi wao hukohoa akila nyasi yenye vumbi, kwa hiyo kila asubuhi mama huinama kuiloweka kwenye beseni, konzi baada ya konzi. Akiwa na neti ataijaza, aitumbukize yote kwenye pipa, kisha aitundike ijichuje yenyewe.

Mumewe, waliyekuja naye, akafyonya. "Ati neti? Falasi haogopi mbu, bana! Beseni inatosha."

Mama akashika kiuno, akafumba macho. "Sawa, Baba watoto. Kuanzia kesho utaloweka wewe."

Mzee akamgeukia muuzaji haraka. "Neti kubwa ziko?"

Sisi wanaume tunachosha. Kazi ya nyumbani huwa nyepesi hadi tukabidhiwe.