Shangazi na Wakili Wake

Shangazi yangu alikuwa fundi cherehani, na duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba: meza ya kukatia, pasi ya mkaa, vitambaa vimepangwa hadi darini. Likizo zangu zote za utotoni ziliishia humo, nikifumua nyuzi pamoja na binti yake. Tulimwita Wakili, maana kila neno alilihoji.

Ukimwambia "ngoja kidogo", anauliza dakika ngapi. Akisikia fulani ana mkono wa birika, anaukodolea macho mkono huo mpaka mwenyewe aone haya. Siku mama mmoja alipolalamika gauni linambana, Wakili alimwambia, bila ubaya wowote, "Gauni halina kosa. Wewe umenenepa." Mteja yule hakurudi tena. Majirani wakasema mtoto amedekezwa.

Daktari ndiye aliyelipatia jambo hilo jina: usonji. "Mama, wewe unasoma nyuso za watu bila kufundishwa," alimwambia shangazi. "Huyu anahitaji kufundishwa, kama herufi."

Basi shangazi akafundisha. Alasiri, kazi ikipungua, walikaa mlangoni wakitazama wapita njia.

"Yule amekasirika?" Wakili anauliza.

"Angalia mabega."

"Yamepanda. Na mdomo ameufunga. Lakini labda jino linamuuma."

"Labda. Ndiyo maana tunauliza kwanza."

Shangazi alikuwa akisema kwamba masomo yale yalimfaa yeye zaidi, kwa kuwa maisha yake yote alikuwa akikata shauri kabla ya kuuliza.

Siku moja akaja dada mmoja kuchukua kitambaa cha gauni la harusi ambalo halingeshonwa tena. Mchumba alikuwa amebadili nia, na mtaa mzima ulijua. Dada akasimama katikati ya chumba, akajifunika uso.

"Fundi, natamani ardhi ipasuke inimeze."

Wakili akaacha vifungo alivyokuwa akipanga. Akaikagua sakafu. Kisha yeye, ambaye hakupenda kuguswa hata na mama yake, akamkumbatia yule dada kiunoni kwa nguvu.

"Sakafu ni ya saruji," alimwambia. "Lakini nimekushika."

Dada akaanza kucheka, machozi yakimtiririka. Wakili akamgeukia mama yake. "Analia au anacheka?"

"Vyote viwili."

"Inaruhusiwa?"

"Inaruhusiwa, mwanangu."

Siku hizi Wakili ni mtu mzima, anafanya kazi maabara katika mji mwingine, na wenzake wamezoea kusema naye moja kwa moja. Shangazi macho yamefifia; cherehani ameiuza. Wageni humwambia hajazeeka hata kidogo, naye huwashukuru, kisha huniambia nyumba imejaa adabu kupita kiasi.

"Huyu Wakili mkubwa tunaongea kila Ijumaa, namshukuru Mungu," aliniambia juzi. "Ila yule mdogo wa pale mlangoni, jamani. Yule mdogo ndiye ninayemkumbuka."