Pembe ya Baba Mdogo

Ndugu mdogo wa baba yangu alijua kwamba tumbo langu lina vidonda. Natanguliza jambo hilo kwa sababu baadaye alilikana.

Niliacha shule darasa la sita nikaanza kutangatanga. Mjini Kutus nilibeba magunia ya mchele, na mgongo ulipouma nilimeza aspirini tatu tatu asubuhi, tumbo likiwa tupu. Mwaka wa pili nikatapika kitu cheusi kama machicha ya kahawa. Baba mdogo ndiye aliyekuja kunitoa hospitalini Nyeri, na daktari alimwambia nikisikia, "Huyu asiguse pombe, hata tone. Tumbo yake iko na vidonda."

Kwenye ukuta wa wodi palikuwa na picha ya mtu aliyepasuliwa katikati. Wiki mbili niliisoma: umio unaoshusha chakula, mlango wa tumbo, tumbo lenyewe. Nilimuuliza muuguzi kila kitu mpaka akachoka.

"Unataka kuchukua kazi ya daktari?"

"Nataka tu kujua ninavuja wapi."

Mwaka uliofuata tulikwenda Tetu kwa wazazi wa msichana niliyetaka kumwoa. Baba yangu alikuwa amekwisha kufa, kwa hiyo baba mdogo ndiye aliyekuwa msemaji wetu. Tulibeba muratina, pombe yetu ya miwa na asali, maana posa isiyo na muratina ni mazungumzo tu. Msichana alionja, akampa baba yake pembe ya kunywea, yaani amenikubali. Kisha pembe ikazunguka. Nilikuwa nimemwomba baba mdogo aseme mapema kwamba mimi ni mgonjwa. Wazee wangemwaga kidogo chini kwa niaba yangu na mambo yangeisha. Badala yake akanijazia pembe mpaka ukingoni.

"Baba, unajua tumbo langu."

"Mwanamume hakatai pembe mbele ya wakwe," akasema kwa sauti ya kusikika nyumba nzima. "Ama umekuja kuoa na chupa ya maziwa?"

Wazee wakacheka. Msichana alikuwa ananitazama. Nikanywa yote.

Kabla nyama haijakatwa, nikatapika damu juu ya viatu vya baba mkwe. Damu ya mtu siku ya posa ni mkosi usiooshwa kwa maji. Mbuzi wetu wa mahari walirudishwa, na msichana akaolewa Kirinyaga. Baba mdogo akawaambia watu kwamba nilikuwa nimelewa tangu njiani, na habari za vidonda hakuwahi kuzisikia.

Nilizunguka miaka saba, Karatina, Nanyuki, Embu, nikiishi kwa uji na viazi vya kuponda, na kila kijiko kilinikumbusha yeye. Kisha nikarudi kijijini kwetu, nikakaribishwa mezani kwake. Hapo ndipo nilipoona. Kila tonge alilisukuma kwa maji. Katikati ya mlo alisimama, akanyoosha shingo kama jogoo, akaenda nyuma ya zizi, nikamsikia akitema. Mbwa wakamfuata upesi, kama walioizoea kazi hiyo.

Nikaikumbuka picha ya ukutani. Mlango kati ya umio na tumbo lake ulikuwa haufunguki. Alikuwa anauficha ugonjwa, kwa kuwa msemaji asiyeweza kumeza hapelekwi kwenye posa ya mtu, na bila posa za watu yeye hakuwa kitu.

Sikumwambia mtu. Niliingoja posa ya binti yake wa mwisho, nikajitolea kumimina. Binti alionja, akamwinulia baba yake pembe. Baba mdogo alilowesha midomo tu, akataka kumpa jirani. Nikaishika ile pembe, nikaijaza tena.

"Mwanamume hakatai pembe mbele ya wakwe," nikasema.

Aliyatambua maneno yale. Alinitazama, kisha akanywa. Pombe ilisimama kooni, ikarudi kwa mdomo na kwa pua, ikalowesha shati lake jeupe mbele ya wageni wote. Nilitazama mpaka mwisho. Sitadanganya kwamba nilimhurumia.

Lakini mjomba wa bwana arusi alikuwa mganga wa zahanati. Alimuuliza maswali mawili matatu, na wiki hiyohiyo akampeleka hospitalini. Wakampitishia bomba kooni, wakautanua ule mlango. Ndoa nayo iliendelea. Damu yangu ilikuwa mkosi. Matapishi yake yalikuwa ugonjwa.

Baba mdogo alichinja kondoo wa shukrani na kuniita. Wazee walikuwa wamejaa uani.

"Kama si kijana huyu wa ndugu yangu," akawaambia, ubavu wa nyama mkononi, "ningekufa njaa nikiwa na ghala limejaa." Pembe iliponifikia, aliizuia kwa kiganja. "Huyu mpeni maziwa, jamani. Ana vidonda vya tumbo tangu zamani."

Nikaletewa kikombe cha maziwa, nikakiweka chini.

"Tangu lini, Baba?" nikamuuliza. "Waambie wazee ulijua tangu lini."

 Mzee mmoja aliyekuwa nasi siku ile ya Tetu alishusha pembe yake. Baba mdogo alitafuna muda mrefu sana. Kisha akameza, bila maji.